Mkwe wa Bi Lamduan

Mkono ule niliutambua kabla sijageuka kumtazama mwenyewe. Ulikuwa mkavu, wenye vidole virefu, na pete ya yakuti iliyolegea ikanigonga mfupa. Ulinishika mbele ya safu ya sanamu za Buddha zisizo na vichwa, wakati nikiwaeleza watalii jinsi mji wetu wa Ayutthaya ulivyoteketezwa zamani na Waburma. Kipaza sauti kilikuwa mdomoni. Sentensi ikakatika katikati, na watu wote wa msafara wakasikia pumzi yangu ikivutwa kwenye spika ndogo iliyoning'inia kiunoni.

"Wanpen," Bi Lamduan alisema, "mbona umekonda hivyo? Hebu nipe maji."

Ukoo mzima ulikuwa umesimama pale juani na kofia zao za njano za kufanana: wajomba, mashangazi, mabinamu na wake zao. Wote walijua mimi ni nani. Tangu asubuhi tulikuwa tumekubaliana, bila kusemezana, kwamba hawanijui nami siwajui. Na sasa mwanamke aliyenitoa nyumbani kwake mbele ya watu hao hao alikuwa akiniomba maji kwa sauti ya mama anayemwagiza binti yake.

Nikampa maji. Akanywa akiwa bado amenishika.

Ofisini nilikuwa nimeambiwa tu kwamba ni familia kutoka Nakhon Pathom, wamekodi basi zima kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mama yao. Asubuhi magofu ya mahekalu ya Ayutthaya, mchana boti na chakula, kuteremka mto hadi Bangkok. Safari ya namna hiyo ningeweza kuiongoza nikiwa usingizini. Nilisimama mlangoni mwa basi na mwavuli wangu mwekundu, viganja vimekutana kifuani, tabasamu tayari. Wa kwanza kushuka akawa Rampha, aliyekuwa wifi yangu.

Alinitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Kumbe," alisema.

Neno hilo tu. Kisha akageuka, akawahimiza wenzake washuke, mwongozaji anasubiri. Nyuma yake alishuka Kasem, amemshika mama yake kiwiko. Mtalaka wangu alikuwa ameota mvi juu ya masikio. Aliponiona alitazama chini, akawa kama mtu anayetafuta kitu kilichomdondoka. Mama yake, Bi Lamduan, alinipita bila kunitambua, macho yake yakiwa mbali, na Rampha akaninong'oneza haraka kwamba akili zimemtoka mzee, nisimjali.

Wa mwisho kushuka alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, ameikumbatia chupa ya chai kama anayebeba mtoto. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Kifuniko hakikukaza vizuri na harufu ilinifikia kabla yake: mizizi michungu iliyochemshwa na tangawizi kali. Karibu miaka yote ya ndoa yangu niliinywa dawa ile ya kutafuta mtoto kabla ya chakula cha asubuhi.

Nilikwenda nyuma ya basi nikampigia bosi wangu simu. Nikamwambia nimeshikwa na tumbo, alete mtu wa kunipokea kazi. Akajibu kwamba ni sikukuu, hana mtu, ninywe maji ya chumvi. Nikajipangusa uso, nikafungua mwavuli, nikaanza kazi.

Watu hudhani aibu ya mwanamke aliyeachwa hupungua akipata kazi. Kazi yangu mimi ni kutazamwa. Kila sentensi niliyoitoa asubuhi ile niliisikia kwa masikio yao: huyu hapa, mtalaka wa Kasem, anavaa kofia ya kampuni na kuinua mwavuli ili watu wamfuate. Nilitaja majina ya wafalme nikakosea moja, nikarudia. Rampha akatabasamu. Jasho lilinitiririka mgongoni nikajua linaonekana kwenye shati.

Nilipoolewa katika nyumba ile, Bi Lamduan alinipenda. Walikuwa na kinu cha kukoboa mpunga, nyumba haina njaa, na alinifundisha mwenyewe kuujua mchele mpya kwa kuunusa. Mwaka ulipokwisha alianza kunitazama tumboni badala ya usoni. Baadaye zikaja dawa, na mahekalu ya kuombea uzazi, na wanawake wenye mikono baridi walionikanda hadi nikalia. Wageni walipokuja, nami nikiwatilia chai, aliwaambia: "Mti nimeupanda penye rutuba, namwagilia kila siku, haujaniletea hata ua." Wageni walicheka kwa adabu. Nami niliendelea kutia chai.

Kisha ikaja Songkran, mwaka mpya wetu, siku ambayo vijana huwamwagia wazee maji ya waridi viganjani kuomba baraka na msamaha. Tulipanga foleni. Ilipofika zamu yangu nilipiga magoti na bakuli langu la fedha, nikainama. Bi Lamduan akaikunja mikono yake kifuani. Nikasubiri. Maua yalikuwa yakielea kwenye bakuli. Nyuma yangu foleni ilinyamaza, na mtoto mmoja akauliza kwa nini bibi hataki maji ya shangazi. Kesho yake Kasem alinipeleka stesheni ya treni. Alinibebea begi hadi ndani ya behewa, akalia, akashuka.

Nilirudi kwa mama yangu Ayutthaya. Mama hakuniuliza neno. Lakini aliacha kukaa mbele hekaluni pamoja na wenzake, akawa anakaa karibu na mlango, na wanawake walipotaja wajukuu aliinuka kwenda kuangalia kama mvua inakuja.

Basi Bi Lamduan huyo ndiye aliyenishika mkono mbele ya zile sanamu, na hakuniachia tena.

Rampha alijaribu. "Mama, huyu ni mwongozaji tu. Mwache afanye kazi."

"Namjua. Ni mkwe wangu." Bi Lamduan alimtazama kama anayemwonea huruma. "Jua limekupanda kichwani?"

Ikabidi niongoze hivyo hivyo, mwavuli mkono mmoja, mama mkwe mkono wa pili. Tulipofika penye kichwa cha Buddha kilichozungukwa na mizizi, ambapo sharti uchuchumae ukipiga picha ili usiwe juu yake, magoti yake hayakukubali, nikamshikilia kiunoni akainama kwa kuniegemea. Alikuwa mwepesi ajabu. Akaniambia nimpangusie jasho. Nikampangusia. Akaniambia kitambaa changu kinanuka vizuri, kisha akainua macho akamwona yule mwanamke kijana amesimama peke yake na chupa yake.

"Na huyu mtumishi mmemtoa wapi?" aliuliza kwa sauti. "Kila siku namwona nyumbani, hasemi, hacheki."

Kasem aligeuka mwekundu. "Mama, huyu ni Orathai. Mke wangu."

"Mke wako huyu hapa amenishika. Unataka wangapi?"

Binamu mmoja alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Orathai alitazama mizizi ya mti kana kwamba anaihesabu.

Nimewahi kuiota siku kama ile. Katika miaka yangu ya kwanza ya upweke nililala nikipanga namna nitakavyosimama siku moja mbele ya ukoo ule, nao wainamishe vichwa. Na kweli vichwa viliinama. Lakini hapakuwa na ladha niliyoitazamia. Nilimwona msichana yule amesimama mahali nilipokuwa nikisimama mimi, na aibu yake ikanipanda usoni kana kwamba ni yangu.

Mchana tukapanda boti. Meza zilikuwa zimetandikwa vitambaa vyeupe, na kamba wakubwa wa mtoni wamebanikwa, mafuta yao mekundu yakichuruzika. Jamaa walikula kwa kelele kubwa, kama watu waliofurahi kupata kitu cha kufanya na midomo yao. Wakamwimbia mzee wimbo wa siku ya kuzaliwa. Yeye alipiga makofi pamoja nao, bila kujua ni siku ya nani. Kisha akasema hataki kukaa kwenye kelele. Akanivuta hadi kwenye benchi la mbele kabisa, akaagiza nimletee sahani na nimmenyee kamba. Wengine waliona ni nafuu. Walitugeuzia migongo.

Mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa. Matishari ya mchanga yalipanda polepole yakikokotwa na boti ndogo, na magugu maji yalipita kando yetu kwa mafungu, na maua yake ya zambarau. Nilimenya, nikamlisha. Alitafuna kwa muda mrefu, akinitazama.

"Bado unalia usiku?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Usilie. Kosa si lako."

Nilidhani anazungumzia jambo jingine, sahani iliyovunjika zamani, mchele ulioungua. Lakini aliinama akanisogelea, na macho yake, yaliyokuwa yakielea tangu asubuhi, yakatulia. Nilishika ile spika kiunoni nikahakikisha imezimwa.

"Kasem alipokuwa kijana aliugua matubwitubwi," alisema. "Yakamshukia chini. Alivimba, alilia, mtu mzima na ndevu zinaanza. Daktari aliniita pembeni. Akaniambia: mama, kwa huyu sahau wajukuu. Aliniambia mimi peke yangu."

"Kasem anajua?"

"Nimwambie ili iweje? Mwanamume akijulikana mgumba atapitaje barabarani? Mwanamke huzoea." Alifungua mdomo akisubiri kamba mwingine. Nilipochelewa, alinipapasa goti kwa upole. "Wewe si umezoea?"

Vidole vyangu vilimenya kamba yule. Vilimwondoa kichwa na miguu, vikamchovya kwenye pilipili, vikampeleka mdomoni mwake. Sijui vilifanyaje. Ningetarajia hasira, na hasira ilikuja baadaye, kwa miezi. Pale kwenye benchi kilichonijia ni aibu. Nilijiona nimepiga magoti na bakuli langu, nikiwaomba msamaha watu hawa kwa kitu ambacho hakikuwa changu, na kuamini kwa moyo wote kwamba ninastahili kunyimwa. Niliona haya kwa jinsi nilivyoamini.

Alisinzia, kichwa begani kwangu. Nilimlaza taratibu juu ya begi langu, nikaenda nyuma ya boti, karibu na jiko, ambako injini inanguruma na mtu anaweza kusimama bila kuongeleshwa. Orathai alikuwa pale. Alikuwa ameomba maji ya moto apashe dawa yake, na mvuke ulimpanda usoni. Aliponiona aliinama, viganja vimekutana, chini sana, kama mdogo kwa mkubwa.

"Dada," alisema, "sijui nikutazame vipi."

Nikamwambia hata mimi sijui.

Akainua kikombe. "Na wewe ulikuwa unakunywa hii?"

"Hiyo hiyo. Kutoka kwa yule yule mama muuza dawa wa ng'ambo ya mfereji."

"Ilikuumiza tumbo?"

"Kila siku."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolihitaji kwa muda mrefu. Alinieleza kwamba mwaka jana mzee alipokuwa bado na akili zake alimwambia asiposhika mimba atarudishwa kwao kama yule mwingine. Alisema "yule mwingine" kisha akagundua yule mwingine ni nani, akaziba mdomo.

Nilisimama nikalitazama lile povu la nyuma ya boti. Nikinyamaza, nitashuka Bangkok nikiwa mwongozaji mwenye adabu, na ukoo ule utakumbuka kwamba Wanpen alimtunza mama yao vizuri. Nikisema, nitakuwa mtalaka mwenye wivu aliyepanda kwenye boti ya sherehe akatia sumu. Nani angeniamini? Shahidi wangu alikuwa ajuza aliyesahau hata siku yake ya kuzaliwa. Nami nilikuwa nimechoka kutazamwa vibaya. Siku ile moja tu nilitaka iishe.

"Orathai," nilisema, "dawa hiyo usiinywe tena. Si wewe. Haikuwa mimi."

Nikamweleza yote, maneno ya mzee kama alivyoyasema, pamoja na lile la mwanamke huzoea. Hakulia. Uso wake ulibaki vilevile, ila kikombe kiliinama mkononi mwake hadi dawa ikamwagika vidoleni, nayo ilikuwa ya moto, na hakukiweka chini.

"Watasema unanichukia," alisema mwishowe.

"Watasema."

"Na wewe unanichukia?"

"Nilikuchukia kabla sijakuona."

Kisha akarudi mezani, akaketi kando ya Kasem, na kwa safari yote iliyobaki sikumwona akifungua mdomo. Mimi nilirudi kwenye kipaza sauti. Nikawaonyesha mahekalu ya kandokando, nyumba za nguzo, daraja jipya. Nilijiambia hakuna kitakachotokea. Nilijiona mjinga kwa kusema, na nikaona afadhali yaishie hapo.

Gatini Bangkok Bi Lamduan alikataa kuniachia. Alitaka twende nyumbani, mchele wa jioni haujaoshwa. Watu waliopanga foleni ya boti nyingine walisimama wakitazama. Kasem alijaribu kumfungua vidole kimoja kimoja, akirudia samahani, samahani, bila kujulikana anamwomba nani. Nikamwambia mzee kwamba nitakuja nyuma yake, nimalize kazi kwanza. Akaniamini. Alinipapasa shavu akanitaka nisichelewe.

Ndipo Orathai aliposema, bila kupaza sauti wala kuipunguza: "Kasem, kesho tunakwenda hospitali. Wote wawili. Na wewe ndiye utakayeanza kupimwa."

Jamaa waliganda na mifuko yao. Kasem alimtazama mkewe, akanitazama mimi, na nilimwona akianza kuelewa jambo ambalo hajaambiwa.

"Nyamaza," Rampha alimkemea. "Huoni haya? Watu wanasikia."

"Wasikie," alisema Orathai. "Mimi nimesikia peke yangu vya kutosha."

Wakapanda basi lililokuwa likiwasubiri. Hakuna aliyeniaga.

Walikwenda hospitali, ingawa si kesho yake, ilichukua miezi. Kasem alinipigia simu baada ya hapo. Akasema, "Nilikupeleka stesheni." Nikasema ndiyo. Akasema, "Nilikubebea begi." Nikasema ndiyo. Sikumsaidia kutafuta neno jingine. Orathai hakuondoka. Wamelea mtoto wa binamu yao, na nasikia Kasem humpeleka shule mwenyewe kwa baiskeli. Huko Nakhon Pathom, hata hivyo, hadithi inayosimuliwa ni ya Rampha: kwamba mtalaka alijipenyeza kwenye sherehe, akamlisha mzee maneno, akaivunjia nyumba heshima. Wengi wanaiamini. Nikipata wageni wa kutoka mji ule, mikono yangu bado hutoka jasho.

Lakini siku ile nilikuwa bado sijui lolote kati ya hayo. Nilipanda treni nikarudi Ayutthaya nikiwa na harufu ya kamba vidoleni, nikalala bila kusema. Asubuhi iliyofuata mama yangu alikuwa jikoni, anapika mchele kwa mvuke kikapuni. Nikaketi mezani nikamsimulia. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye maneno ya daktari aliondoa kikapu cha mchele motoni, akakiweka chini, akabaki ameinama akikitazama.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Haikuwa mimi, mama. Haikuwa mimi kamwe.

"Sema kwa sauti, mwanangu. Jirani yuko nje anaanika samaki. Dirisha liko wazi."

Nikafungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, haikuvuka hata meza. Nikajaribu tena, ikawa ile ile. Mama akajipangusa mikono kwa upande wa nguo yake, akajifunga vizuri, akatoka mwenyewe.

Nilimsikia akimsalimu jirani. Nilimsikia akisema jua la leo ni kali, samaki watakauka kabla ya mchana. Jirani akajibu, wakazungumza juu ya chumvi, juu ya paka. Kisha mama akanyamaza. Nilijua amesimama pale na maneno mdomoni, kama nilivyokuwa nimesimama mimi, nikashika ukingo wa meza nikasubiri.

Alirudi ndani na samaki wachache mkononi, wamefungwa kwenye jani la mgomba. Aliwaweka mezani bila kunitazama.

"Kesho," alisema.